Filamu za vijana watukutu: tumewaketisha watoto kwenye viti vyetu

Tangu Desemba 10, 2025, mtoto wa Australia aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, na nchi nyingine zimeanza kupima kama nazo zifuate njia hiyo. Mjadala huo ukifika mezani, hasa Uingereza, haupiti muda mrefu kabla mtu hajaitaja Adolescence, tamthilia ya sehemu nne iliyotoka Netflix Machi 13, 2025. Inatajwa kama kielelezo kinavyotolewa mahakamani: si mmeona wenyewe simu zinavyotuharibia watoto? Haidhuru kwamba sheria ya Australia ilikuwa imeshapitishwa Novemba 2024, kabla tamthilia haijaonekana. Waziri Mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, alisema ameitazama pamoja na watoto wake, na mwisho wa Machi serikali yake ikaunga mkono mpango wa kuionyesha bure katika shule za sekondari. Septemba ikazoa tuzo za Emmy, na Owen Cooper, kijana wa miaka 15 aliyeigiza kama mtuhumiwa, akawa mwanamume mdogo kuliko wote waliowahi kupata tuzo hiyo kwa uigizaji.

Nafurahi kwamba kazi nzuri kiasi hiki imepata watazamaji. Kinachonisumbua ni namna inavyotazamwa. Mimi nasema tamthilia hii, kama zilivyo filamu nyingi nzuri juu ya kijana aliyeharibikiwa, inamsema mtu mzima aliyesimama kando yake kuliko inavyomsema kijana mwenyewe. Inamsema baba, mwalimu, askari, jirani. Kumkalisha mwanafunzi darasani aitazame ili ajirekebishe ni kama kumtafunisha mtoto karatasi ya vipimo badala ya kumpa dawa, tena vipimo vyenye jina la baba yake. Na wanaotaka filamu za namna hii zifungiwe kwa kuwa zinaharibu watoto wamekosea palepale walipokosea wanaotaka zisambazwe mashuleni ili ziwaponye. Wote wawili wanaamini kwamba anayezungumziwa ni mtoto, na kwamba akishaonyeshwa au akishafichwa, kazi imekwisha.

Tuitazame tamthilia yenyewe kwa karibu. Jamie Miller ana miaka 13. Asubuhi na mapema polisi wenye silaha wanavunja mlango wa kwao, wanapanda hadi chumbani, na mtoto anajikojolea kitandani. Anatuhumiwa kumuua kwa kisu Katie, msichana wanayesoma shule moja. Kila sehemu imepigwa kwa mkupuo mmoja, kamera haikatwi tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mtazamaji hapati pa kupumulia. Katika sehemu ya pili mpelelezi Bascombe anakwenda shuleni na anahangaika kuelewa wanafunzi walichoandikiana Instagram, mpaka mwanawe mwenyewe, anayesoma hapo, anamvuta pembeni na kumweleza maana ya vile vikatuni wanavyotumiana. Wanaosema tamthilia inahusu simu hushika kipande hiki na kukimbia nacho. Lakini hebu turudi tukitazame tena. Maneno yalikuwa wazi, yanaonekana na kila mwenye simu. Kilichokosekana ni mtu mzima anayejua kuyasoma, na hata huyu baba mpelelezi amepata mkalimani kwa sababu mtoto aliona haya kumwona babaye akibabaika mbele ya wenzake. Maongezi yale mafupi ya pale shuleni yanatuonyesha kwamba hawa wawili hawana mazoea ya kuongea.

Halafu kuna Eddie, baba yake Jamie, fundi bomba, aliyeigizwa na Stephen Graham ambaye pia ni mmoja wa waandishi wa tamthilia. Eddie alichapwa mikanda na baba yake, akaapa kwamba yeye hatamfanyia mwanawe hivyo, na akatimiza. Alimpeleka mtoto kwenye mpira ili awe mkakamavu. Mtoto hakujua mpira, wazazi wengine wakawa wanacheka, na Eddie akaangalia pembeni kwa sababu hakuweza kumtazama mwanawe akichekwa. Mtoto aliliona jicho lile likimkwepa. Hakuna intaneti katika tukio hilo, ni baba, mtoto na uwanja wa majani. Baadaye wazazi wanakumbuka jinsi walivyomnunulia kompyuta, jinsi taa ya chumba chake ilivyokuwa ikiwaka usiku wa manane, na jinsi walivyojipa moyo kwamba yupo ndani, hayuko mtaani, basi yuko salama. Mzazi wa Tanzania aliyemlea mwanawe kwa geti kali anaijua hesabu hiyo vizuri. Simu imo katika hadithi, tena imo kwa uzito, maana ndani ya chumba kile watu ambao wazazi wake hata majina yao hawayajui walimjaza mtoto chuki dhidi ya wanawake. Ila simu iliingia pale mtu mzima alipokuwa ameshaondoa macho.

Jambo hili halikuanza na simu. Mwaka 1955 Marekani ilitoa filamu mbili za vijana watukutu zilizowatia watu wazima kiwewe. Ya kwanza, Blackboard Jungle, iliondolewa kwenye tamasha la Venice baada ya balozi wa Marekani nchini Italia, Clare Boothe Luce, kuipinga. Ya pili, Rebel Without a Cause, Uingereza iliipa daraja la X, yaani ikawafungia nje walio chini ya miaka 16. James Dean, aliyekuwa steringi wake, alikufa kwa ajali ya gari Septemba 30, 1955, filamu ikiwa haijatoka, na tangu hapo watu wanakumbuka koti lake jekundu, ugomvi wa visu na mbio za magari kuelekea genge la bahari. Wachache wanakumbuka baba aliyepiga magoti amevaa aproni akiokota chakula kilichomwagika, akihofia mkewe asije akaona, huku mwanawe akimsihi ainuke. Wachache zaidi wanamkumbuka Plato, mtoto ambaye wazazi wameondoka wakamwacha na mtumishi wa nyumbani, na mapenzi ya baba yanafika kwa njia ya hundi. Anapouawa kwa risasi za polisi, anayemlilia kama mzazi ni yule mtumishi. Watu wazima wa mwaka 1955 waliliona koti, wakajadili koti.

Miaka minne baadaye Mfaransa François Truffaut alitoa Les Quatre Cents Coups, akapewa tuzo ya uongozaji bora Cannes. Antoine Doinel ni mtoro, mwongo na mwizi. Akiulizwa kwa nini hakuja shule anajibu kwamba mama yake amekufa. Anaiba mashine ya kupiga chapa ofisini kwa baba yake wa kambo, na hapa ndipo panaponichoma kila nikiitazama: hakamatwi akiiba, anakamatwa akiirudisha. Baba anamshika mkono anampeleka polisi mwenyewe, kama mtu anayepeleka mzigo. Truffaut alikuwa akisimulia yaliyomkuta. Naye alikabidhiwa polisi na baba aliyemlea, na aliyemvusha ni mtu mzima mmoja, mhakiki wa filamu André Bazin, ambaye filamu hii imetolewa kwa kumbukumbu yake. Mtu mzima mmoja alitosha kumfanya kijana aliyefungwa rumande awe mmoja wa waongozaji wakubwa wa karne yake.

Sasa turudi nyumbani. Muvi nyingi za Bongo zimemchora kijana mtukutu kwa mstari mmoja. Binti, ambaye kwa kawaida huigizwa na mwanamke mtu mzima aliyevishwa sare za shule, anadanganya kwamba anakwenda tuisheni, anapanda gari la mwanamume, baada ya muda mfupi ana mimba, baba anamtimua, na muvi inaishia hospitali au makaburini huku mama analia na mtu mmoja mwenye busara anatoa nasaha. Kwa kijana wa kiume ni kijiwe, bangi, wizi, kisha jela au kipigo cha wananchi wenye hasira kali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: skripti nzima imo humo. Ninachoomba msomaji akitazame safari ijayo ni kamera inakwenda wapi. Inamfuata binti hadi kaburini. Yule mwenye gari anashuka kwenye hadithi bila kuulizwa, hatujui anarudi nyumba gani, ana mabinti wa rika gani, wala mkewe anampokeaje. Na si filamu peke yake iliyotazama hivyo. Hadi Novemba 24, 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alipotangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wataruhusiwa kurudi shuleni, msichana wa Tanzania aliyepata mimba aliondolewa katika mfumo rasmi wa shule za serikali na mlango ukafungwa. Sera na skripti zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu moja.

Tuna methali nyingine tunayowatisha nayo watoto: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tunaitamka kwa sauti ya kumwonya mtoto, lakini neno kwa neno methali hiyo inaanza na mzazi aliyeshindwa kufunza. Wahenga waliuweka upungufu kwa mkubwa, sisi tukauhamishia kwa mdogo. Ndivyo tulivyofanya na vijana wa makundi ya uhalifu yaliyoitwa Panya Road, waliotisha Dar es Salaam mwaka 2015 na tena 2022, wengine wakiwa bado wa umri wa sekondari. Hofu ya watu ilikuwa ya kweli, walioumizwa waliumizwa kweli, na sina neno la kupunguza hilo. Ila jina lenyewe lilishawatoa katika ubinadamu, na bado nangoja filamu ya Kibongo itakayoingia chumba anacholala mmoja wao, ionyeshe nani anakuwepo jioni na nani hayupo. Kwamba tunaweza, tunaweza. Amil Shivji alipoileta kwenye filamu mwaka 2021 Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi inayosomwa kidato cha tano na sita, alituletea Yasmin aliyeozwa angali msichana mdogo kwa mzee Raza. Yasmin anatoroka, na ndugu zake wanamwona mpotovu. Mtazamaji anajionea kwamba katika nyumba ile ukaidi ndio ulikuwa akili timamu.

Mtetezi wa muvi za nasaha atanijibu kwamba kitisho kinasaidia, kwamba mtoto akiona mwisho mbaya ataogopa. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, na bahati nzuri imeshapimwa. Mwaka 1978 Marekani ilitoka filamu ya matukio halisi iitwayo Scared Straight!, iliyowaonyesha vijana wakorofi wakipelekwa gereza la Rahway, New Jersey, ambako wafungwa wa vifungo virefu waliwafokea, wakawatukana, wakawaeleza yatakayowapata humo. Ilipata tuzo ya Oscar. Watazamaji walifurahi kuona vijana wanatetemeka, na majimbo mengi yakaiga mpango huo. Watafiti walipokuja kukusanya majaribio yaliyowalinganisha vijana waliopitishwa kwenye mipango ya namna hiyo na wenzao ambao hawakupitishwa, waligundua kwamba waliotishwa ndio walioelekea zaidi kurudia makosa. Filamu iliyosifiwa kuwa dawa ilikuwa imesambaza tatizo. Ukifikiri kidogo utaona kwa nini: kijana yule alikuwa ameshafokewa maisha yake yote, na waliomfokea ndio waliomsukuma mpaka akafika kwenye lile basi la kwenda gerezani. Wamemwongezea sauti nyingine ileile.

Hoja ya upande wa pili, kwamba vijana huiga wanachokiona, ina nguvu zaidi, na sitaki kuipita kwa haraka. Vijana huiga. Waliiga koti la James Dean, wanaiga mitindo ya nywele na lugha za mitaani. Yapo mambo ambayo kuyaonyesha vibaya ni hatari kweli, na la kwanza ni kujiua. Tamthilia ya 13 Reasons Why, ya mwaka 2017, ilionyesha tukio hilo kinaganaga, na Julai 2019 Netflix wenyewe wakalikata baada ya wataalamu wa afya ya akili kupaza sauti. Utafiti mmoja ulioiunganisha na ongezeko la vifo vya vijana Marekani umebishaniwa na watafiti wengine, lakini tahadhari ya kutoonyesha njia na kutomfanya marehemu shujaa ni ya haki, na Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo juu yake. Hapo nakubali mkasi. Ninachokataa ni kuruka kutoka kwenye tahadhari hiyo mahususi hadi kwenye imani kwamba kijana anakuwa mkorofi kwa sababu ameona mkorofi kwenye skrini. Antoine Doinel hakufundishwa utoro na sinema. Sinema ndiyo ilikuwa mahali pekee alipocheka akiwa na wazazi wake.

Lipo pingamizi moja linalonikosesha usingizi, nalo ni hili: ukiwatazama watu wazima mno, humsamehi muuaji? Katie amekufa. Ndani ya Adolescence yenyewe mpelelezi Misha Frank analalamika kwamba watu watamkumbuka Jamie, Katie hatakumbukwa, na tamthilia haimpi Katie nafasi ya kuongea. Rafiki yake, Jade, anazurura shuleni na uchungu wake na hakuna anayejua la kumfanyia. Naliona hilo kama pengo la kweli, na waandishi walilijua. Lakini kueleza si kusamehe. Katika sehemu ya mwisho Jamie anapiga simu, familia ikiwa njiani kwenye gari siku ya kuzaliwa ya baba, na anasema ameamua kukiri kosa. Mzigo anaubeba mwenyewe kwa kinywa chake. Wazazi nao wanabaki na wa kwao, na hawapewi njia rahisi ya kuutua, kwa sababu wana binti, Lisa, mtulivu na mwenye utu, na wanakiri kwamba wamemlea vilevile walivyomlea Jamie. Ningekuwa mwongo kama ningesema makosa ya mzazi yanatosha kuelezea kila kitu. Yanatosha kumfanya mzazi aketi atazame, na hilo ndilo ninalolidai.

Kuna filamu moja ambayo kizazi chetu kiliitazama bila kuambiwa iitazamweje. Sarafina! ya mwaka 1992 niliiona nikiwa mwanafunzi, kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi ya mbao, na wimbo wa wanafunzi ulipoanza nusu ya kibanda tulikuwa tumesimama. Leleti Khumalo aliigiza msichana wa Soweto anayeasi, na nyuma yake ulikuwepo ukweli wa Juni 16, 1976, wanafunzi walipoandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana wakapigwa risasi. Sikumbuki mzee yeyote aliyekuja kutuambia kwamba wale ni watoto wenye utovu wa nidhamu. Mkorofi ni nani, tulimjua bila mwalimu. Tangu 1991 Juni 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika, na kila mwaka watoto wetu wanapita na mabango mbele ya mgeni rasmi. Katika hotuba nyingi nilizozisikia siku hiyo, mgeni rasmi anawausia watoto utii. Nashindwa kuelewa tunawezaje kusimama katika kumbukumbu ya wanafunzi waliokataa amri na tukasahau kuuliza amri ilikuwa ya nani.

Kwa hiyo, ikiwa filamu hizi zitatumika, zitumike kwa wanaohusika. Shule inayotaka kuionyesha Adolescence iwaite wazazi na walimu kwanza, jioni, kwenye kikao kile ambacho kwa kawaida huzungumza michango na matokeo ya mtihani. Wakishamaliza kutazama, ndipo waseme kama wako tayari kuketi na watoto na kuulizwa. Waandishi wetu wa muvi nao wageuze kamera: wabaki ofisini kwa mwalimu wa nidhamu baada ya mwanafunzi kutoka na viboko vyake, wamfuate mwenye gari hadi kwake, wamwonyeshe baba saa tatu usiku akiwa na mwanawe sebule moja na kila mmoja na simu yake. Bodi zinazokagua filamu zina kazi halali ya kuweka umri na kuondoa yanayohatarisha maisha, ila aibu ya mtu mzima si kigezo cha umri.

Nasema hivi nikiwa na picha moja kichwani. Aprili 2025, siku chache tu baada ya serikali ya Uingereza kutaka tamthilia ipelekwe shuleni, wasichana wa shule ya Butere Girls walifika Nakuru kwenye tamasha la taifa la michezo ya kuigiza la Kenya na mchezo uitwao Echoes of War, ulioandikwa na aliyekuwa seneta Cleophas Malala, juu ya nchi ya kubuni ambamo vijana wanawahoji wakubwa wao. Mahakama ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Malala akakamatwa, polisi wakarusha mabomu ya machozi nje, na asubuhi ya Aprili 10 wasichana wakaambiwa waingie waigize katika ukumbi ambao hauna watazamaji. Walikataa. Waliimba wimbo wa taifa, wakatoka, wakapanda basi lao kurudi Butere, na viti vya wakubwa vikabaki vitupu.